Samaki wa Uvira wanazaliwa ndani ya vioo vya Ulaya. Uvira nayo ianze kuwafuga

KILIBULA, UVIRA – Kuna nyumba nyingi Ujerumani, Ubelgiji, Japani na Marekani ambamo usiku, taa za sebule zikizimwa, inabaki taa moja juu ya sanduku la kioo lenye maji. Ndani yake yamepangwa mawe, na kati ya mawe wanazunguka samaki ambao asili yao ni Ziwa Tanganyika peke yake, hawapatikani katika maji mengine yoyote duniani. Mwenye nyumba hajafika Congo hata siku moja. Lakini akiulizwa samaki wake ni wa aina gani, atataja Bemba, Kiriza, Kavala, Moba, Kapampa. Ni majina ya pwani ya Congo, na yeye anayatamka kama mkaaji wa Kilibula anavyotaja vituo vya njia ya Baraka. Wapo hata wanaoendelea kuuza samaki mkubwa wa rangi ya buluu, mwenye nundu kichwani, kwa jina la "Zaire". Nchi ilibadilisha jina mwaka 1997, huko kwenye vioo habari haijafika.

Samaki hao wa sebuleni wengi hawakuvuliwa. Walizaliwa humohumo ndani ya kioo, na mama zao walizaliwa ndani ya kioo pia. Kama wanaweza kuzaa katika chumba cha Berlin, ambako maji ni lazima yapashwe moto, wanaweza kuzaa Uvira, ambako maji yenyewe ni yale ya bidoni inayochotwa ziwani asubuhi. Mji huu unapaswa kujifunza kuwazalisha kabla vijana wake hawajatumwa tena na mnunuzi yeyote kuwavua miambani kwa senti chache.

Jambo hili linaweza kuonekana dogo wakati familia zimejaa katika madarasa, makanisa na nyumba za ndugu, wengi wao wakiwa wamekimbia mapigano ya uwanda wa Ruzizi, na wengine wakiteremka baada ya Bukavu kuanguka mwezi wa Februari 2025. Mtu mwenye watoto sita na godoro moja ana haki ya kuuliza: bwana, samaki asiyeliwa ni wa nini? Swali hilo litajibiwa hapa chini, tena bila kumdanganya. Ila kwanza aelewe ni samaki gani wanaozungumziwa, kwa maana watu wengi wa Uvira wanajua ndagala, mukeke, sangala na kuhe, na hawajawahi kuwatazama wale wadogo wa kwenye mawe isipokuwa walipokuwa watoto wakiogelea.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zaidi ya 670 na kina cha karibu mita 1,470. Duniani ni Baikal peke yake, kule Urusi, linalolipita kwa kina. Ndagala na mukeke wanaishi katikati, kwenye maji wazi. Lakini pembezoni, pale mlima unapoingia majini na mawe kulundikana, kuna ulimwengu mwingine. Aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii moja na kuhe zimezaliwa na ziwa hili, na sehemu kubwa wanaishi kwenye mawe hayo, katika maji yasiyo na kina kirefu. Kaskazini, kuelekea Kavimvira na mdomo wa Ruzizi, pwani ni mchanga na tope; huko hawapo wengi. Ukielekea kusini, ukipita Kalundu kufuata barabara ya Luhanga, ndipo mawe yanapoanza, na samaki wenye rangi nao wanaanza.

Wanasayansi walilijua jambo hili zamani, na walilijua kutoka hapahapa. Mwaka 1946 na 1947 msafara wa Wabelgiji ulizunguka ziwa lote, akiwamo Max Poll, aliyewapa samaki wengi majina yao ya kitaalamu. Taasisi ya utafiti ya IRSAC, yenye makao Lwiro, ilikuwa na kituo chake cha mambo ya maji hapa Uvira. Georges Marlier alifanya kazi humo, na mwaka 1959 ndiye aliyemweleza samaki Tropheus duboisi, yule ambaye akiwa mtoto ni mweusi mwenye madoa meupe kama nyota, kisha akikua madoa yanafutika na mkanda mweupe unatokea. Samaki mwingine anaitwa Julidochromis marlieri kwa heshima yake. Na kuna mdogo mwenye pua iliyochongoka, anayeruka-ruka kwenye mawe ya ufukweni, anaitwa Tanganicodus irsacae: jina la pili ni IRSAC yenyewe. Kituo hicho ndicho leo kinachoitwa CRH-Uvira, kituo cha utafiti wa viumbe vya majini. Wajapani walikuja kufanya kazi nacho miaka mingi, wakizamia Luhanga na kuhesabu samaki mmoja mmoja. Kwa hiyo elimu ya samaki hawa haihitaji kutoka Ulaya. Sehemu yake kubwa ilitoka kwenye mawe haya.

Biashara ndiyo ilikwenda ng'ambo ya pili. Kuanzia miaka ya 1970 Mbelgiji mmoja, Pierre Brichard, alikuwa akisafirisha samaki wa ziwa hili kwa ndege kutoka Bujumbura. Alijua anachofanya: kitabu chake cha mwaka 1978 na kile kikubwa cha 1989 vinasomwa na wafugaji hadi leo, na samaki Neolamprologus brichardi ana jina lake. Yule samaki, mwenye mkia wenye ncha mbili ndefu, huko nje wanamwita binti mfalme wa Burundi. Kwa nini isiwe wa Uvira, wakati ziwa ni lilelile? Kwa sababu kiwanja cha ndege kilikuwa upande ule, na mwenye sanduku ndiye anayeandika jina juu yake.

Sasa namna wanavyozaa, maana hapo ndipo penye kazi.

Chukua Tropheus, yule wa Bemba. Jike hatagi mayai maelfu kama samaki wengine. Anataga machache, matano, kumi, pengine kumi na tano, makubwa kama punje za mahindi madogo, na mara moja anayakusanya mdomoni. Anakaa nayo humo karibu mwezi mzima. Watoto wanapotoka, wanatoka wakiwa wamekamilika, wanaogelea, wanakwangua majani ya kijani kwenye jiwe kama mama yao. Hatari ikija wanarudi mdomoni. Mama wa aina hii hapotezi watoto wengi, lakini pia hana watoto wengi wa kupoteza. Majike kumi, wakizaa mara tatu kwa mwaka, hawatafikisha watoto mia tano. Anayevua majike kumi kwenye mwamba mmoja ameondoa kizazi kizima, na mwamba hautajazwa na jirani, kwa sababu Tropheus hapendi kuvuka mchanga. Ghuba ya mchanga au mdomo wa mto unatosha kumzuia. Ndiyo maana wa Bemba ana rangi yake na wa Kiriza ana mkanda wake wa njano: kila mmoja amefungiwa kwenye kijiji chake tangu zamani za kale. Mtu akimaliza wa Bemba, hakuna mahali pengine pa kwenda kumleta wa Bemba.

Brichardi ni tofauti. Yeye anataga kwenye pango la jiwe, na watoto wakubwa hawaondoki. Wanabaki kuwalinda wadogo zao, kufukuza maadui, kusafisha mayai, kuchimba mchanga. Wataalamu walishangaa kuona hayo kwa samaki. Mkaaji wa Uvira anayeona msichana wa miaka kumi na miwili akibeba mdogo wake mgongoni hatashangaa sana. Kwa mfugaji maana yake ni kwamba pango moja na jozi moja vinatosha. Baada ya mwaka kuna ukoo.

Wapo wanaoishi ndani ya kombe tupu za konokono chini ya ziwa. Ulaya hawana kombe zile, basi wafugaji wanaweka maganda ya konokono wale wanaoliwa na Wafaransa, yaliyobaki jikoni, na samaki anaingia na kuzaa bila kulalamika. Na huyo wa nundu kichwani, aitwaye frontosa, ni mzito: anahitaji tangi kubwa na miaka miwili au mitatu kabla hajazaa. Mtu asianze na huyo.

Maji ya ziwa ni magumu na yana magadi. Yana joto la nyuzi 25 hadi 27 mwaka mzima, karibu yasibadilike. Mfugaji wa Ulaya anayepata maji laini ya bomba hana budi kununua magadi na chumvi za magneziamu, apime, achanganye, apashe moto kwa umeme majira yote ya baridi. Analipa kila mwezi ili atengeneze kitu ambacho Uvira kipo bure. Samaki wa Tropheus wanataka kuwa kundi, kumi na tano au ishirini pamoja, vinginevyo wenye nguvu wanawaua wanyonge. Wanataka chakula cha majani. Wakilishwa nyama au dagaa waliosagwa tumbo linavimba na wanakufa kwa siku chache. Kosa hilo limewaua maelfu mikononi mwa watu wenye pesa. Uvira jiwe likiachwa juani ndani ya beseni la maji ya ziwa kwa wiki mbili linaota chakula chenyewe.

Kuna watakaosema: kama Wazungu wanawazalisha, basi samaki wameokoka, kwa nini kuhangaika? Hapo ifikiriwe habari ya salamanda. Huyo ni mnyama mdogo mwenye umbo la mjusi na ngozi laini yenye unyevu kama chura. Congo hayupo, wala hayupo popote Afrika kusini mwa Sahara. Ndiyo sababu Kiswahili hakina jina lake la kikwetu. Katika nchi za baridi watu wanamfuga ndani ya vioo kwa ustadi mkubwa kabisa. Mmoja wao, axolotl wa Mexico, alipelekwa Paris miaka ya 1860, makumi machache tu, na kutoka hao walizaliwa vizazi vilivyojaza maabara na nyumba za dunia. Leo mtoto wa New York anaweza kununuliwa axolotl siku ya kuzaliwa. Lakini kwenye mifereji ya Xochimilco, pembeni ya jiji la Mexico, ambako ndiko kwao pekee, amebaki karibu na kutoweka. Wamezaa sana huko nje, na ziwa lao halikusafishwa hata kidogo kwa ajili hiyo.

Tena biashara hiyo ilileta ugonjwa. Ukungu unaokula ngozi ya salamanda, uliotoka Asia, uliingia Ulaya na wanyama wa kufugwa, ukawaua salamanda wa porini Uholanzi hadi wakakaribia kwisha. Wataalamu waliutambua mwaka 2013. Mwaka 2016 Marekani ikapiga marufuku kuingiza aina 201 za salamanda kwa kuogopa jambo hilo. Fundisho kwa Uvira ni la moja kwa moja: samaki aliyezaliwa kwenye tangi la ng'ambo, hata akiwa na jina la Bemba, asirudishwe kamwe ndani ya Tanganyika. Hakuna anayejua amebeba nini wala baba yake ni nani, maana kwenye vioo wa Bemba na wa Kiriza wakichanganywa wanazaa machotara.

Mfano mzuri uko upande wa Tanzania. Kwenye maporomoko ya mto Kihansi, milima ya Udzungwa, kulikuwa na chura mdogo sana asiyetaga mayai. Anazaa watoto hai. Alionekana mara ya kwanza mwaka 1996, wakati bwawa la umeme linajengwa juu yake. Maji yalipopunguzwa, ule mvuke wa maporomoko uliomlowesha ukaisha. Mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx huko New York, na wengine baadaye Toledo. Wengi walikufa mwanzoni. Waliobaki walizaa. Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kuwa ametoweka porini, lakini mwaka 2010 mia moja walirudi Dar es Salaam, Chuo Kikuu, mikononi mwa Watanzania waliofundishwa kuwatunza, na mwaka 2012 waliachiliwa tena Kihansi. Kilichofanya kazi pale ni vitu viwili pamoja: vioo vya mbali viliokoa uzao, na watu wa nyumbani walikuwa na chumba chao, ufunguo wao na ujuzi wao wa kuupokea. Uvira ina vioo vya mbali. Chumba cha nyumbani hakuna.

Na hatari kwenye mawe ya Uvira haingoji mnunuzi wa samaki. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulishuka na mawe, ukaua makumi ya watu na kubeba nyumba. Tope lile liliishia ziwani. Kila mvua kubwa inarudia kwa kipimo kidogo, kwa sababu vilima vilivyo juu ya mji vimebaki uchi. Tangu mwaka 1993 watafiti waliozamia kaskazini mwa ziwa waliandika kwamba pale tope linapofunika mawe, aina za viumbe zinapungua. Samaki anayekwangua jiwe hawezi kukwangua tope. Ongeza vyandarua vya mbu vinavyokokotwa ufukweni na kubeba hata watoto wa samaki. Na hapo lawama isitupwe ovyo, maana mama aliyehama bila shamba hakuchagua chandarua kwa kupenda.

Sasa jibu la yule mwenye watoto sita.

Ukweli ni kwamba samaki wa mapambo hawatalisha nyumba yake mwezi huu, wala ujao. Anayemwambia vinginevyo anatafuta saini yake kwenye karatasi ya mradi. Mabwawa ya Florida na Ucheki yanazalisha samaki wa Tanganyika wa kawaida kwa wingi na kwa bei ambayo Uvira haiwezi kushindana nayo. Umeme unakatika, samaki ishirini kwenye tangi dogo bila hewa hawamalizi usiku. Mpaka wa Kavimvira na Gatumba unafungwa na kufunguliwa kwa sababu zisizomhusu samaki, na kiwanja cha Bujumbura, kilicho karibu kabisa, kiko upande wa pili wa mpaka huo. Samaki wa kusafirishwa halishwi siku mbili, anafungwa kwenye mfuko wa plastiki wenye maji theluthi moja na oksijeni theluthi mbili, na saa zake zinahesabika. Foleni ya siku nzima mpakani ni hasara yote.

Hata hivyo kuna jambo moja ambalo kazi hii inalo na nyingine nyingi hazina. Mhami hana shamba. Hana mtumbwi, hana wavu, hana kibali cha uvuvi, na akienda kuomba kulima vilimani anaongeza lile tope. Bwawa dogo la sementi la mita mbili, au mapipa yaliyokatwa, linahitaji pembe ya uwanja tu. Linamtaka mtu mwenye subira na macho, anayeona kwamba yule jike ameacha kula kwa sababu mdomo umejaa. Wazee na wasichana wanaiweza. Mvuvi anaiweza pia wakati ziwa limefungwa, kama Tanzania ilivyofunga uvuvi wake Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Utaratibu wa namna hiyo ukibana hapa, watu wanahitaji kazi ya kufanya.

Na njia ya pili, ya kuvua, ina gharama ambayo haiandikwi kwenye risiti. Frontosa anakaa chini sana. Kumfuata, kijana anavutwa hewa kwa mpira kutoka mashine ya juu ya mtumbwi. Samaki mwenyewe anapandishwa polepole, kwa siku kadhaa, ili kibofu chake cha hewa kisipasuke. Kijana hapandishwi polepole hivyo. Mzamiaji anayetoka kina kirefu haraka anaweza kupooza au kufa, na Uvira haina chumba cha kumtibu. Mnunuzi akija na dola ishirini mkononi mbele ya kijana mwenye njaa, makubaliano hayo si huru. Huko anakouzwa, frontosa mkubwa aliyetoka ziwani anafika makumi ya dola, pengine zaidi ya mia.

Kitu ambacho Uvira inaweza kuuza na Florida haiwezi ni uhakika wa asili. Mfugaji wa kweli wa Ulaya halipi tu rangi. Analipa kujua kwamba huyu ni wa Luhanga, si mchanganyiko wa vizazi thelathini vya ndani ya kioo. Mtoto aliyezaliwa Uvira kutoka kwa wazazi waliochukuliwa mara moja, kwa kibali, kwenye mwamba unaojulikana, mwamba wenyewe ukabaki na samaki wake, huyo ana thamani. Cheti cha namna hiyo kinaweza kutolewa na CRH, chenye vitabu na watu wa kazi hiyo. Hakiwezi kutolewa na mpita njia.

Kuna faida nyingine ambayo haitajwi mara nyingi, nayo inahusu vita. Mfugaji wa Ulaya umeme ukimkatikia wiki nzima amepoteza kila kitu. Mfugaji wa Uvira akilazimika kukimbia, anaweza kubeba ndoo hadi mwamba uleule alikowatoa wazazi na kuwaachilia. Watapona. Ila ni kwa sharti kwamba kila bwawa liwe la mwamba mmoja, bila kuchanganya, na bila samaki hata mmoja kutoka nje kuingizwa humo. Kanuni hiyo iandikwe ukutani kabla ya samaki wa kwanza kuletwa.

Ya kufanywa si mengi. CRH ianze na aina tatu tu, wadogo na wepesi: brichardi, yule marlieri wa milia, na Tropheus wa mwamba mmoja wa karibu. Mabwawa yawe mbali na maji ya kunywa, na mikono ioshwe kwa sabuni, kwa sababu Uvira inajua kipindupindu kuliko miji mingi na bidoni ya samaki isije ikageuka bidoni ya watoto. Pampu ya hewa itumie sola ndogo. Wachaguliwe watu wachache, nusu wenyeji na nusu wahami, wasilipwe kwa ahadi ya mauzo bali kwa siku ya kazi, mwaka mzima wa kwanza, maana mwaka huo hakuna cha kuuza. Shule za karibu zilete watoto waone. Mwanafunzi wa Kilibula anayefundishwa kuhusu simba ambaye hatamwona maisha yake yote, na hajui kwamba samaki wa mita mia chache kutoka dawati lake anafundishwa katika vyuo vikuu vya Japani, amenyimwa kitu.

Serikali ya mkoa nayo ina neno lake. Mkataba wa nchi nne wa kulinda Tanganyika, Congo ikiwamo, ulitiwa saini Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003, na mamlaka yake ina ofisi Bujumbura. Anayetaka kuchukua samaki hai aonyeshe kibali, ataje mwamba, ataje idadi, na mkuu wa kijiji awe na nakala. Vilevile kwa vyura. Huko juu Itombwe yupo mmoja wa rangi ya dhahabu na shaba, aliyeelezwa miaka ya 1950, akapotea machoni mwa wataalamu karibu miaka sitini, akaonekana tena mwaka 2011. Chura wa namna hiyo akishapigwa picha, wanunuzi nao wanasikia. Kijiji kilicho karibu naye kinapaswa kujua bei yake kabla ya mgeni wa kwanza kufika na chupa.

Mvua zikitulia na njia ya kusini ikipitika, kazi ya kwanza ni ya siku moja: mtumbwi mmoja, wazamiaji wawili wa CRH, kina cha mita tatu, brichardi jozi nne kutoka Luhanga, ndoo zenye kifuniko. Bwawa liwe limejaa maji ya ziwa wiki mbili kabla, na mawe ndani yake yameshaota kijani.